Andika Unachokitegemea Kabla Hujajenga

Pale Kalokol, kilomita 60 hivi kutoka Lodwar, karibu na ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kuna kiwanda cha kugandisha samaki ambacho kila mhandisi anayepangiwa kazi katika kaunti ya Turkana angefaa kukitembelea kabla hajafungua kompyuta. Kilijengwa kwa fedha za Norway. Mpango wake ulianza kuchorwa mwaka 1971, ukaja kugharimu takriban dola milioni 22, na kiwanda kilipokamilika kiligandisha samaki kwa siku chache tu kisha mitambo ikazimwa. Kugandisha samaki mahali ambapo joto la mchana hufika nyuzi 35 na zaidi kunataka umeme mwingi na maji safi mengi, na vyote viwili havikupatikana kwa bei ambayo samaki angeweza kuilipa. Ukame wa miaka ya 1980 ukafuata, na Ghuba ya Ferguson, iliyokuwa ikitoa samaki wengi, ikakauka. Mwaka 1990 Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway, na wafadhili wakafunga virago.

Utasikia watu wakisema kiwanda kilikufa kwa sababu Waturkana ni wafugaji na hawana habari na samaki. Mimi sikubaliani nao. Watu wa kando ya ziwa wamevua kwa vizazi, na samaki mkavu wa Turkana husafirishwa hadi masoko ya mbali. Maelezo hayo hupendwa kwa kuwa yanamtwisha mwanakijiji lawama na kumwacha mpangaji akiwa safi. Jengo halikuanguka. Kilichoanguka ni madhanio manne: kwamba ziwa litabaki pale pale lilipo, kwamba umeme utapatikana kwa bei nafuu, kwamba maji safi yatatosha, na kwamba mfadhili ataendelea kuelewana na serikali. Hata moja halikuhitaji hesabu ngumu. Kila moja lilihitaji kuandikwa kwenye karatasi na kukabidhiwa mtu wa kuliuliza kila mwaka.

Ndiyo maana nakushauri usianze na orodha ya hofu. Madaftari mengi ya hatari ninayoyaona katika miradi yetu yanafanana kana kwamba yamenakiliwa: wizi wa vifaa, lori kuchelewa, mvua, ajali kazini, bei kupanda. Yote ni kweli na yote yanastahili nafasi yake. Lakini yanaishia siku ya kukabidhi mradi, ilhali hatari kubwa za hapa huanza siku hiyo. Anza upande wa pili. Chukua karatasi tupu uandike kila jambo ambalo ni lazima liendelee kuwa kweli ili mradi wako uwe bado unafanya kazi mwaka wa kumi.

Tuseme umepewa kazi ya kuchimba kisima chenye pampu ya sola karibu na Kalobeyei, makazi ya wakimbizi yaliyo jirani na kambi ya Kakuma, pamoja na bomba linalovuka laga (mto wa msimu), tangi la kuinuliwa na vioski vya maji vitakavyotumiwa na wenyeji na wakimbizi. Karatasi yako itakuwa na sentensi nyepesi kama hizi. Chini kuna maji. Maji hayo yananyweka. Hayatapungua tukiyavuta kila siku. Bomba litabaki mahali pake laga ikijaa. Ardhi ya tangi ni ya waliosema ni yao. Watu watalipa kiasi fulani kwa mtungi. Pampu ikifa, ipo pesa ya kununua nyingine na yupo fundi wa kuifunga. Kila sentensi iwekee majibu matatu: nani anajua ukweli wake, tutaupima kwa njia gani ya bei rahisi, na tukikuta si kweli tutasimama wapi. Jibu la tatu ndilo watu hulikwepa. Mradi usio na alama ya kurudi nyuma utaendelea hata kila mtu eneo la kazi akishajua umeharibika, kwa kuwa pesa zimeshaanza kutoka na mheshimiwa ameshatangaza.

Sentensi ya pili, ile ya maji kunyweka, ina historia yake katika kaunti hii. Septemba 2013 serikali na UNESCO zilitangaza kuwa hifadhi kubwa mno ya maji imegunduliwa chini ya ardhi katika bonde la Lotikipi, kaskazini magharibi mwa Turkana, ikikadiriwa kuwa na mita za ujazo bilioni 200. Makadirio yalitokana na picha za setilaiti na rada zilizounganishwa na elimu ya miamba, kisha vikachimbwa visima vichache vya kuthibitisha. Habari ilizunguka dunia nzima. Wako walioanza kuzungumza kana kwamba mifereji imeshafunguliwa. Visima vya majaribio vilivyofuata vilionyesha maji yenye chumvi kupita kiasi cha kunywa, na mazungumzo yakageukia gharama za kuyasafisha. Hakuna aliyedanganya kuhusu kuwapo kwa maji. Lakini swali la kama yapo na swali la kama yananyweka ni maswali mawili, na la pili hujibiwa na chupa ya sampuli iliyopelekwa maabara.

Kwa hiyo usikubali kununua mabomba kabla majibu ya maabara hayajafika. Hapa Turkana chumvi si adui pekee. Floraidi ni tatizo katika visima vingi vya Bonde la Ufa, na haina ladha ya kukuonya. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Kikipita hapo kwa miaka, meno ya watoto huanza kubadilika rangi, na kikizidi sana mifupa nayo huathirika. Fanya pia jaribio la kuvuta maji mfululizo kwa saa 24 angalau, ukipima kina kinavyoshuka na kinavyorudi baada ya kuzima. Mkandarasi atakuambia saa 6 zinatosha. Hazitoshi. Kisima kinachotoa vizuri asubuhi kinaweza kuishiwa alasiri, na sola huvuta kwa nguvu zaidi wakati huo huo jua likiwa kali. Kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji nacho kiombe mapema, maana taarifa utakazotakiwa kujaza zitakulazimisha kujibu maswali ambayo vinginevyo ungeyaahirisha.

Sasa tuje kwenye laga. Lodwar imekaa kwenye pembe ambapo laga ya Kawalase inakutana na mto Turkwel. Kakuma imekaa kando ya laga ya Tarach. Mvua ya mwaka mzima Lodwar ni milimita 200 hivi, na mgeni akiona namba hiyo hudhani maji hayatamsumbua. Mwenyeji anajua kwamba mvua inaweza kunyesha milimani kuelekea mpaka wa Uganda na laga ikashuka imejaa huku juu ya Kakuma kukiwa na jua la kukaanga. Kipimo cha mvua kilichofungwa ofisini kwako hakitakuonya.

Hapa kuna hesabu ndogo ambayo ningependa kila kamati ya mradi iielewe, hata ile isiyo na mhandisi. Tunaposema mafuriko ya miaka 25, hatumaanishi kwamba yakija leo yatarudi baada ya miaka 25. Tunamaanisha kwamba kila mwaka yana nafasi ya asilimia 4. Kivuko cha bomba lako kikitarajiwa kudumu miaka 20, nafasi ya kukutana na mafuriko hayo angalau mara moja ni takriban asilimia 56. Yaani zaidi ya nusu. Ukikijenga kwa mafuriko ya miaka 100, nafasi inashuka hadi asilimia 18, ambayo bado si ndogo kama jina linavyodokeza. Na ukijenga kwa mafuriko ya miaka 10 ukasema ni cha muda tu, cha miaka 5, basi nafasi ni asilimia 41. Mwambie mfadhili namba hizo kwa namna hiyo, kwa umri wa mradi wake, kisha mwache achague. Mara nyingi atachagua tofauti na alivyochagua aliposikia neno "miaka 25".

Takwimu za mito yetu ni chache, kwa hiyo kadiria ukiwa umetembea. Panda na ushuke kando ya laga uangalie takataka zilizonasa kwenye matawi ya miti. Huo ni urefu wa maji ya mafuriko ya karibuni. Waulize wazee waliochunga hapo, lakini usiwaulize kama mafuriko huwa makubwa. Waulize ni mwaka gani maji yalifika kwenye mti huu na kama yalivuka ng'ambo ile, kisha umwulize mwingine kando bila wa kwanza kuwapo. Kuhusu bomba lenyewe, kosa la kawaida ni kulifukia nusu mita kwenye mchanga wa laga na kumshukuru Mungu. Laga iliyojaa huchukua mchanga wake yenyewe hadi kina kirefu, na bomba huondoka nao. Lizike chini ya kina kinachochimbwa na maji na ulifunge kwenye konkriti, au lipitishe juu ya daraja lililopo. Kama huwezi lolote kati ya hayo, weka kioski kila upande chenye chanzo chake.

Wengi huandika hatari kana kwamba ina upande mmoja. Ziwa lile lile lililorudi nyuma na kuikausha Ghuba ya Ferguson limekuwa likipanda katika miaka ya karibuni. Kati ya 2010 na 2020 eneo lake liliongezeka kwa takriban asilimia 10, na nyumba na majengo ya ufukweni yakaingiwa na maji. Bwawa la Turkwel nalo, ukuta wa mita 153 uliokamilika mwaka 1991 na mitambo ya megawati 106, lilikaa miaka mingi bila kujaa, hata watu wakalizoea hivyo. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi wakazi wa chini yake upande wa Turkana wakapewa tahadhari wajiandae kuhamia sehemu za juu. Kila unapoandika "ukame", ongeza mstari wa "na ikiwa kinyume chake?"

Ukishamaliza hapo ndipo uende kwenye jedwali ambalo wafadhili hulidai: uwezekano kuanzia 1 hadi 5, madhara kuanzia 1 hadi 5, zidisha, paka nyekundu, njano au kijani. Sina ugomvi na jedwali. Nina ugomvi na kuzidisha. Wizi wa mifuko ya saruji una uwezekano wa 5 na madhara ya 2, unapata 10. Tangi kuporomoka juu ya foleni ya akina mama wanaoteka maji lina uwezekano wa 1 na madhara ya 5, linapata 5. Jedwali limekuambia ushughulikie saruji kwanza. Toa kila hatari inayoweza kuua watu uiweke kwenye ukurasa wake, isizidishwe na kitu, na swali lake liwe moja: tumeiondoaje? Kwa tangi, jibu ni udongo uliopimwa chini ya kila mguu, mahesabu yenye sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa, konkriti iliyopimwa, na foleni iliyowekwa mbali na tangi. Hilo la mwisho halina gharama yoyote.

Kuhusu konkriti nitasema machache, maana mafundi wa huku wanaijua kazi yao wakipewa nafasi. Mimina alfajiri au usiku. Maji ya kuchanganyia yapimwe chumvi, na mchanga wa laga uoshwe ukiwa na tope. Umwagiliaji wa siku 7 uwe na bajeti yake ya maji, kwa sababu maji yakipungua kambini hakuna atakayekubali kuyamwaga ukutani mtoto akiwa na kiu, na atakuwa na haki. Paneli za sola nazo hupoteza takriban asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi 25. Paneli iliyopata joto la nyuzi 65 juani imeshapoteza asilimia 16 kabla hujahesabu vumbi. Betri huteseka zaidi. Ukiweza kuhifadhi maji kwenye tangi badala ya kuhifadhi umeme kwenye betri, fanya hivyo.

Hatari inayopenda kujificha ni ile iliyo kwenye mkataba wa mtu mwingine. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310 ilikuwa imesimikwa yote kufikia mwaka 2017. Haikutuma umeme Nairobi hadi Septemba 2018. Njia ya kusafirishia umeme, ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa, ilikuwa kazi ya serikali, na kampuni ya Isolux ya Uhispania iliyopewa kuijenga ilifilisika kazi ikiwa njiani. Mwenye mitambo alimaliza sehemu yake vizuri, na bado pangaboi zilikaa bure huku Kenya ikidaiwa fidia ya ucheleweshaji. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo zilipatikana kinyume cha utaratibu. Kwenye mradi wako mdogo mambo ni yale yale: kuunganishwa umeme, barabara ya kufikia eneo, chumba cha dawa kitakachojengwa na shirika jingine. Nenda ukaonane na wahusika hao, uone kama wana pesa, na uombe tarehe yao kwa maandishi.

Ardhi ya Turkana kwa sehemu kubwa ni ya jamii, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 imeeleza utaratibu wa kuitumia. Sahihi ya chifu peke yake haitoshi. Mfugaji unayemkuta leo Kalobeyei si yule utakayemkuta kiangazi, na eneo unaloliona tupu linaweza kuwa njia ya mifugo kwenda malishoni au mahali wanapochimba visima vya mchanga msimu wa kiu. Fanya baraza mara mbili, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, na uhakikishe wanawake wanaoteka maji wamesemeshwa wao wenyewe, pasipo wanaume kuwasemea. Kule Lokichar, malori ya mafuta ghafi ya majaribio yaliyoanza safari Juni 2018 yalizuiwa barabarani na wenyeji ndani ya mwezi huo huo, malalamiko makubwa yakiwa usalama. Yalirudi barabarani Agosti, baada ya mazungumzo ambayo yangeweza kufanyika mapema. Mwaka uliofuata yakasimamishwa tena, mara hii na mvua iliyoharibu barabara. Mafuta yenyewe hayakuwahi kuwa tatizo.

Kakuma ina jambo lake zaidi. Kambi iliyoanzishwa mwaka 1992 imekuwa mji wa watu zaidi ya laki mbili ukihesabu Kalobeyei, na kila kibarua, kila zabuni na kila kioski hutazamwa kwa jicho la nani amepata nini kati ya mwenyeji na mkimbizi. Andika mgawo wa kazi kabla ya kuajiri mtu wa kwanza, uubandike ubaoni. Kuhusu pesa, usijenge mfumo ambao uhai wake ni ruzuku ya shirika moja. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada yake, mgao wa chakula kambini ulipunguzwa. Ukiona chakula kimekatwa, usidhani ruzuku ya pampu yako itaachwa. Na kama vifaa vinatoka nje huku mkataba ukiwa wa shilingi, kumbuka Januari 2024, dola moja ilipopita shilingi 160, kisha ikashuka hadi karibu 130 katikati ya mwaka huo huo. Aliyenunua pampu mwezi ule na aliyesubiri hawakulipa bei moja.

Jihadhari pia na tiba. Mathenge, mmea wa miiba ambao Waturkana huuita etirae, ilipandwa nchi kavu za Kenya miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa. Leo imeziba laga, imevamia mifereji ya kilimo kando ya Turkwel na kutoboa matairi ya bodaboda. Kule Baringo wafugaji walifika mahakamani mwaka 2006 na mbuzi aliyeharibika meno kwa kuila. Kila hatua unayoandika ya kupunguza hatari, iulize nayo inaleta hatari gani. Ukuta wa kukinga kisima na mafuriko unaweza kuyasukuma maji hadi kwenye manyatta ya jirani, na jirani hatasahau.

Daftari la hatari lenyewe lisizidi kurasa mbili, la sivyo halitasomwa. Kila hatari iwe na jina la mtu, si la idara, na iwe na dalili inayoonekana kwa macho: kina cha maji kisimani kikishuka chini ya alama hii, kioski kikikosa mapato ya wiki mbili, barabara ya Kainuk ikifungwa kwa siku tatu. Lisomwe kila Jumatatu eneo la kazi, dakika 15, wote wakiwa wamesimama, dereva na mlinzi wakiwamo. Hao wawili husikia habari za barabarani na za usiku kabla ya meneja. Akiba ya dharura ijulikane inashikwa na nani na kwa dalili gani itafunguliwa, maana akiba isiyo na masharti huishia kwenye posho za warsha.

Kabla ya kukabidhi, hesabu bei ya pampu mpya, igawe kwa miaka unayotarajia idumu, kisha ulinganishe na mapato halisi ya vioski kwa miezi mitatu. Kama hayatoshi, sema sasa, bei au muundo ubadilishwe. Mfundishe fundi wa Kakuma, asiwe wa Nairobi, na umwache aifungue pampu na kuifunga mwenyewe ukiwa umeweka mikono mfukoni. Kipindi cha kurekebisha kasoro, ambacho mara nyingi ni miezi 6 au 12, kifanye kivuke msimu mmoja wa mvua na kiangazi kimoja. Panga ziara moja baada ya laga kujaa mara ya kwanza na nyingine mwishoni mwa kiangazi, uziingize kwenye bajeti leo, kwa sababu ripoti ya mwisho ikishakwenda kwa mfadhili hakuna atakayekulipia mafuta ya gari.